Baba Mkwe Kwenye Video

Enzi za ruksa, video zilipoingia Tukuyu, mke wangu alizipenda kuliko mimi. Jumamosi akishauza ndizi, tunaingia bandani. Banda lenyewe lilikuwa ghala la kahawa, siku hizi wanauza mbolea, tuyaache hayo.

Siku hiyo ilikuwa picha ya mtu aliyeamka hospitali, anasema mimi ni fulani, na mkewe anasema simjui. Daktari naye anamchoma sindano. Mtu mwenyewe mweusi mwenzetu, kipara, ana pengo la juu. Mara mke wangu akajifunika khanga gubigubi, akageukia ukutani.

"Baba watoto, huyo si tata?"

Nikatazama. Baba yangu mtupu! Na kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka apite.

"Huyo mtu wa video," nikasema.

"Uso ni wa nani?"

Hilo swali la wasomi. Shule niliishia la pili.

Mwenye banda, aliyekuwa akitutafsiria, akacheka. "Mama, jifunue, hakuoni huyo!"

"Kosa si yeye kuniona. Ni mimi kumwona."

Wiki nzima nyumbani hakukaliki. Anataka kujua yule mtu alirudiwa na mkewe au vipi, lakini hatazami mpaka baba mwenyewe akane. Nikamfuata baba kwake Suma. Akaja na koti lake la kanisani, picha ikarudishwa. Mke wangu akabaki nje chini ya upenu, mvua inamchapa, mgongo kaugeuzia mlango.

Baba akasogea mpaka kwenye kioo. "Simjui huyu!" akapaza sauti, asikike nje.

Na kwenye video mke wa yule mtu naye akasema simjui, akafunga mlango. Yule mtu akalia kama mtoto. Baba akavua kofia. Vipara viwili vikatazamana hadi mwisho.

"Haya tata, mwambie si wewe."

"Ni mimi."

"Wewe umefika lini hospitali ya Wazungu?"

"Mtu kakataliwa na mke, kakataliwa na daktari, na sisi tumkatae? Ni mimi. Mwambie huyo aendelee kujifunika."

Akaondoka zake. Ikabidi nimsimulie mke wangu njia nzima hadi kwetu Kawetele, na mimi picha ile sikuielewa hata kidogo. Nikamwambia yule mtu alirudi kwao Suma, akalima chai.

"Walimpokea?"

"Walimpokea."

"Na mkamwana wake?"

"Alikuwa migombani."

Akaridhika.