Jicho la Mstari

Wateja ndio waliompa kinyozi huyu jina la Mstari, kwa sababu akikuchonga ukingo wa nywele kwenye paji la uso, hata rula ingeona haya. Duka lake lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu ukutani, na benchi lisilokosa watu watatu wanne wakibishana. Karibu na dirisha, juu ya kigoda, alikaa mkewe, Mama Pacha, akikunja taulo, akisafisha vifaa kwa spiriti na kumkosoa kila aliyeingia, mumewe akiwa wa kwanza. Miaka ishirini na sita alikuwa akitazama vichwa vikinyolewa, na hakuwahi hata siku moja kushika mashine.

Kilichomsumbua Mstari kilikuwa jicho lake la kushoto. Lilianza miaka miwili nyuma, baada ya homa iliyomlaza wiki nzima. Likawa jekundu, likabubujika machozi, na mwanga ukawa unalichoma kama limetiwa pilipili. Zahanati walimpa dawa, likapona. Miezi michache baadaye akamzika kaka yake, na jicho likarudi vilevile. Likarudi tena mwaka aliohamisha duka, alipokuwa akinyoa mchana na kupaka rangi kuta alfajiri. Watu wa benchini wakasema jicho la Mstari lina kalenda yake. Walicheka wote, isipokuwa Mama Pacha.

Mara ya nne lilimpata shule zilipokaribia kufunguliwa, baada ya wiki tatu za kunyoa watoto bila siku ya kupumzika. Safari hii hakwenda popote. Jirani yake fundi viatu alikuwa na kichupa cha dawa ya macho iliyobaki, akampa kwa moyo mweupe. Siku ya pili wekundu ulikuwa umepungua, na Mstari akamsifu fundi viatu kuliko madaktari wote. Siku ya tano dunia ikaanza kuingia ukungu. Siku ya sita akamchonga mwalimu mkuu wa shule ya jirani mstari uliopanda upande mmoja kama ngazi.

Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Mstari," akasema taratibu, "huu ni mwandiko wa darasa la kwanza."

Benchi zima liliangua kicheko, na Mstari naye akacheka, lakini huku akilifikicha jicho. Mama Pacha aliliona hilo. Alimwomba mwalimu mkuu radhi, akawatoa watu, akafunga duka saa nne asubuhi, na kumpeleka mumewe hospitali ya macho akiwa amemshika mkono kama mtoto wa chekechea.

Daktari alikuwa binti wa rika la pacha wao. Alikisoma kichupa cha fundi viatu na kukiweka mezani, akamtia Mstari tone la rangi, akawasha taa ya bluu, kisha akamwita Mama Pacha naye achungulie. Kwenye konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, palikuwa na mchoro wa kijani wenye matawi, mfano wa mti uliopukutisha majani. Hicho, daktari akaeleza, ni kidonda cha virusi vya jamii ileile inayotoa vidonda vya midomo wakati wa homa. Watu wengi wanavyo tangu utotoni bila kujua. Havitoki mwilini. Vinajificha kwenye neva iliyo nyuma ya uso na kulala humo, huku askari wa kinga ya mwili wakilinda mlango. Mtu akiumwa, akichoka kupita kiasi au akielemewa na majonzi, walinzi huzembea, na virusi hushuka na neva mpaka jichoni. Hapo kinga hushtuka na kuja mbio kupigana, na vita hivyo navyo huacha uvimbe, ukungu na makovu.

Mstari akadakia.

"Kwa hiyo askari wangu mwenyewe ndiye anayenivunjia kioo?"

"Anamkimbiza mwizi, baba, lakini rungu lake halichagui."

"Basi nimfukuze kazi."

"Ukimfukuza, mwizi atatawala nyumba. Ile dawa ya jirani ilifanya hivyohivyo. Ilimlaza askari, wekundu ukaondoka, na virusi vikapata nafasi ya kutanua matawi."

Mama Pacha alikitwaa kile kichupa mezani, akakitupa kwenye pipa la taka. Daktari aliwatuliza. Alisema kwanza watavidhibiti virusi kwa vidonge. Kidonda kikifunga, atampa matone ya kutuliza kinga, machache, ya kupunguzwa kidogo kidogo, vidonge vikiendelea kumlinda. Baada ya hapo atameza vidonge kila siku mwaka mzima ili virusi visiamke ovyo. Na mpaka jicho lipone, asichonge kichwa cha mtu.

Hilo la mwisho ndilo lililomkata maini. Kesho yake alikaa dukani na miwani myeusi, benchi limejaa, kiti kitupu. Ndipo Mama Pacha aliposimama, akanawa mikono na kuchukua mashine.

"Nani wa kwanza?" akauliza.

Fundi viatu, ambaye dhamiri ilikuwa inamsuta, alijitoa mhanga. Mstari alianza kutoa maelekezo kutoka kwenye kigoda cha mkewe: inua kidogo, legeza mkono, usikaribie sikio. Mama Pacha alimwacha aseme mpaka akachoka, kisha akapita na wembe polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Alipofuta poda, Mstari alivua miwani, akalifumba jicho bovu na kusogea karibu. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Wewe. Ulidhani nakunja taulo tu?"

Alicheka mpaka jicho likamtoka machozi, safari hii ya furaha. Siku ya tatu mwalimu mkuu alirudi kurekebishiwa mwandiko, akatoka ameridhika. Wiki ya pili wakaanza kuja wanawake wa kunyoa nywele fupi ambao hawakuwahi kukanyaga pale. Mstari akawa anapumzika mchana, analala mapema, na pacha wake waliposikia kwa simu kwamba baba yao anasinzia saa nane mchana, hawakuamini mpaka mama yao akawatumia picha.

Baada ya miezi mitatu alisoma ubao wa herufi hadi mstari wa pili kutoka chini. Kovu dogo lilibaki pembeni, halimzuii kitu. Wakanunua kiti cha pili.

Asubuhi moja, miezi mingi baadaye, jicho lilimwasha. Zamani angengoja. Siku hiyo aliacha chai mezani na kwenda hospitali moja kwa moja. Daktari alilikagua kwa makini, akachukua kibano na kumtolea kipande cha unywele.

"Ni wa mteja, baba. Lakini umefanya vizuri kuja. Fanya hivyohivyo kila mara."

Alirudi akipiga mluzi. Alikuta kiti chake kimekaliwa na mteja anayengoja zamu yake kwa Mama Pacha, na benchi limejaa wengine wa kumngoja huyohuyo. Mstari aliwaambia yeye yupo huru. Walimjibu kwa heshima zote kwamba hawana haraka. Basi akaketi mwisho wa benchi, akajipapasa kisogo, naye akapanga foleni.