Toroli la Bunduki za Dada

Dada yangu alikuwa askari wa wanyamapori kwa karibu maisha yake yote ya kazi, kwenye mapori ya magharibi mwa Tabora. Alipostaafu alirudi mjini na nyonga mbovu, bunduki mbili zenye leseni, na hamu ileile ya kulenga shabaha. Mara chache kwa mwaka yeye na wenzake, wengi wao wastaafu kama yeye, hukutana upande wa Kwihara, kwenye shimo kubwa lililochimbwa kifusi zamani, kushindana. Katika mashindano hayo mtu anahama kituo hadi kituo na silaha zake zote, na mchanga wa kwetu hauna huruma kwa mguu mbovu. Mwaka jana nyonga ilimzidi.

Alinijia karakanani kwangu Kanyenye asubuhi moja. Mimi ni fundi seremala.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nitengenezee toroli," alisema kabla hata ya kukaa. "La kubeba bunduki mbili, zisimame wima, mitutu juu. Na kisanduku cha risasi pembeni."

Nilimwambia nina magurudumu ya kiti cha wagonjwa, mtu alikuwa ameniachia, mepesi na bado mazima. Alinitazama kidogo.

"Tafuta mengine."

Nikanunua ya baiskeli ya mtoto.

Tulianza na vijiti viwili vya fagio badala ya bunduki, ili nipate vipimo vya urefu. Nilichagua mbao za mninga. Dada alishika penseli akasema atanichorea mwenyewe mahali pa kukata, kwa sababu mimi sijui kitako cha bunduki kinavyokaa. Mstari alioupiga ulipanda na kushuka kama njia ya mchwa. Kisha nikamwambia penseli ni butu, nikaichukua, nikaichonga, ingawa ilikuwa kali, na mstari nikaupiga mimi.

Nimeifikiria sana penseli ile.

Toroli la kwanza lilipinduka nje ya karakana, uzito ulikuwa juu mno. Nikateremsha kibao cha chini, nikatanua ekseli, nikabandika vipande vya blanketi kuukuu pale mitutu inapoegemea ili isichubuke. Dada alikuja kila baada ya siku mbili tatu kukagua. Alikuwa mkali kama vile nilikuwa askari mgeni kambini kwake. Sikuchukia. Tangu mama yetu afariki hatukuwa tumekaa pamoja namna ile.

Kisanduku cha risasi ndicho kilichonisumbua. Nilitoboa kibao tundu ishirini, kila risasi isimame kwenye tundu yake. Akajaribu, akasema tundu zinabana. Nikazipanua. Akaja tena, akajaribu akiwa amenipa mgongo, akasema, "Ongeza kidogo." Nikaongeza. Mara ya tatu tundu zilikuwa pana kiasi kwamba risasi ililala upande ndani yake, na bado niliisikia ikigonga ukingo wa mbao, tik, tik, tik, kabla haijaingia. Nikachukua keekee nikapanua tena. Hivyo ndivyo nilivyomsaidia dada yangu. Nilipanua tundu.

Siku ya mashindano jirani alitupakia kwenye pikapu yake, bunduki zikiwa kwenye mifuko yake, toroli limefungwa kamba. Dada alivaa kofia yake ya zamani ya kazi. Toroli lilipita mchangani bila kukwama hata mara moja. Wenzake walilizunguka, wakashika mpini, wakauliza fundi ni nani, naye akanionyesha kwa kidevu. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi kabisa.

Sisi watazamaji tulisimama nyuma ya kamba, na hairuhusiwi kuivuka wakati silaha ziko nje. Msimamizi wa uwanja alikuwa mwanamume wa makamo, na dada ndiye aliyemfundisha kazi porini. Alimwita, dada akasogea na toroli lake, akatoa bunduki ya kwanza, akachukua risasi.

Ilimdondoka. Akaichukua nyingine, nayo ikaanguka mchangani. Ya tatu aliishika kwa mikono yote miwili, bunduki ikiwa imebanwa kwapani, mtutu ukaanza kuyumba.

"Mama," msimamizi alisema kwa sauti ya chini, "naomba uweke silaha."

"Nipe dakika moja."

"Mama, nakuomba."

Dada akampa bunduki. Msimamizi aliifungua, akahakikisha haina risasi, akairudisha kwenye toroli kwa adabu, kama mtu anayemlaza mtoto. Dada alibaki amesimama. Hakugeuka kututazama. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ile, hatua kumi hivi kutoka kwake, na hata kama ningeivuka sijui ningefika pale kufanya nini.

Hospitalini daktari alimwambia atembee, afungue na kufunga vidole, achore duara. Alisema ni ugonjwa wa kutetemeka, unaanzia kwenye ubongo. Dawa zipo, zinatuliza, haziponyi.

"Ulianza lini?" akauliza.

"Muda," dada akasema.

Daktari akanigeukia. "Nyumbani hamkuona?"

Nikasema tuliona.

Toroli alimpa mwenzake mmoja aliyelipenda. Bunduki aliamua kuzirudisha polisi mwenyewe, kabla hajaombwa na mtu. Nilimsindikiza. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye heshima, alimwamkia, akamletea kiti, akakagua namba za bunduki, akampa fomu asaini.

Kalamu ilikwaruza karatasi ikatoka nje ya mstari. Nikauliza kama naweza kumsainia.

"Hapana, mzee. Lazima mwenye silaha mwenyewe. Aweke dole gumba."

Akaleta wino. Alama ya kwanza ilisambaa, ikawa doa tu. Akatoa fomu nyingine, akaijaza upya tangu mwanzo bila kulalamika. Ya pili nayo ikasambaa. Dada akaanza kuusemesha mkono wake kwa Kinyamwezi, taratibu, maneno ambayo mama alitumia kumbembeleza mtoto mwenye homa. Kijana akaomba ruhusa, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaukandamiza juu ya karatasi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilishika mkoba wa dada.