Nyumba ya Andati Kama Alivyoichora

Andati alisomea kuchora majengo Nairobi, akarudi kwao Mautuma, na kazi yake ikadumu miaka mitatu tu. Alichora nyumba nyingi. Hakuna hata moja iliyojengwa alivyoichora, na jambo hilo lilimkera kuliko njaa. Alimwambia mama yake, Jescah, kwamba utajiri hautaki. Anataka nyumba moja tu isimame kama ilivyo kwenye karatasi.

Watu walimlipa bila kinyongo, kisha wakampa fundi Lazarus ile michoro, naye Lazarus akaiheshimu kwa kuikunja vizuri na kuitia mfukoni. Mwalimu mmoja aliagiza madirisha makubwa, akaishia kujengewa madogo kwa kuogopa wezi. Kanisa moja kule Matete lilichorewa paa la juu ili hewa ipite. Wazee wa kanisa wakaona hewa ni gharama, paa likashushwa, na mpaka leo waumini hulowa jasho kabla mahubiri hayajaanza. Andati alienda kulitazama, akalizunguka, akashukuru kwa chai, akarudi nyumbani.

Nyumbani kwenyewe alilala nyuma ya stoo ya mahindi. Alikuwa amejichorea nyumba ndogo ya chumba kimoja na baraza, yenye dirisha pana. Jescah alimkatalia. Alimuuliza nyumba ya nini na mke hana, akamwambia angoje mwaka ujao.

Mwaka huo ulipofika, Andati aliugua kichomi, akalazwa hospitali ya Mukumu, na hakutoka akiwa hai.

Sasa huku kwetu mwanamume mzima hazikwi bila nyumba yake. Kama hakujenga, anajengewa haraka, mwili ulale humo kabla ya mazishi. Kwa kawaida ni miti michache na mabati ya kuazima, na baba zake wadogo walitaka iwe hivyo. Jescah hakuwa mtu wa kubishana na ukoo. Aliutoa mchoro wa mwanawe, akauweka mezani mbele yao, akasema mahindi yote yauzwe.

Lazarus alikuja na vifaa vyake. Safari hii karatasi hakuikunja. Aliibandika ukutani mwa stoo, akapima, akajenga, akabomoa alipokosea, akapima tena. Mara moja tu alimwendea Jescah, kofia mkononi.

"Mama Andati, hii dirisha tungepunguza kidogo. Jua inachomanga."

"Jenga vile alichora," Jescah alisema.

Akajenga vile. Hakuna aliyetaka kushindana na marehemu.

Siku ya kuletwa mwili, Jescah aliingia mle ndani peke yake. Alitafuta kosa, hata dogo, ili ajiambie kwamba alikuwa na haki ya kumkatalia. Alitazama kuta, akafungua mlango na kuufunga, akasimama katikati ya chumba. Nyumba ilikuwa nzuri. Akaketi sakafuni na kulia mpaka walipokuja kumwambia kwamba gari limefika.