Filsan Anavyokifundisha Chombo cha Maziwa Kutembea

Saa moja asubuhi, mlango wa duka moja la fotokopi mjini Garissa umefunguliwa nusu. Ndani, Filsan Hirsi, 26, amekazia macho chombo cha maziwa kwenye kompyuta. Kinajikunja, kinaruka, kinatua. Anatikisa kichwa, anafuta picha sita, anaanza upya.

"Kinatua kama karatasi," anasema. "Kitu chenye uzito kikigusa chini lazima kibonyee kidogo, kitanuke ubavuni. Na kabla ya kuruka kijikunje kwanza. Hata wewe huwezi kuruka bila kukunja magoti."

Filsan hutengeneza matangazo ya katuni kwa maduka ya nguo na simu. Sekunde moja huhitaji picha ishirini na nne. Tangazo fupi humchukua siku nne. Lakini saa hii, kabla wateja hawajafika, ni ya dhiil, chombo cha kusukwa ambacho Wasomali huhifadhia maziwa ya ngamia.

Mama yake, Barni, 58, aliuza maziwa Bura kwa miaka mingi. Kisha ukaja ukame wa 2022, ngamia wake wakafa mmoja baada ya mwingine. Dhiil zake zikabaki zimening'inia ukutani, kavu.

"Hakulia," Filsan anakumbuka. "Aliacha tu kuwataja ngamia. Na kwetu hapakuwa na mazungumzo mengine."

Mwaka jana Filsan alichora dhiil, akaifanya itembee, akaenda kumwonyesha mama kwenye simu. Alidhani atacheka. Barni alitazama, akairudisha simu.

"Hooyo, hicho kitupu," alisema, akimwita bintiye kwa neno lilelile la 'mama' analoitwa yeye, kama wafanyavyo akina mama wa Kisomali. "Chenye maziwa hakirukiruki hivyo."

Filsan alirudi Garissa, akafuta kazi yote. Safari hii chombo kilianza polepole, kikashika kasi, kikapunguza mwendo kabla ya kusimama. Kamba ya kubebea ilichelewa nyuma. Chombo kiliposimama, yenyewe bado iliyumba.

Alipompelekea kazi hiyo, Barni aliitazama mara tatu.

"Akaniuliza, 'Maziwa ya nani haya?'" Filsan anasimulia. "Akajibu mwenyewe. Akataja jina la ngamia. Wallahi, miaka mitatu sikuwa nimelisikia jina lile."

Sasa anataka kutengeneza filamu ya dakika tano kwa Kisomali, mama yake akisikika akiwaita ngamia wake kwa majina. Ijumaa hii, baada ya swala, atasafiri kwenda Bura na kinasa sauti cha kuazima.

Barni amekubali. Ila kuna jina moja, la ngamia aliyekufa wa mwisho, ambalo kila akilianza hunyamaza.

"Simharakishi," Filsan anasema. "Nimeliachia sekunde kumi kwenye filamu. Siku akiweza kulitaja, atakuta nafasi yake ipo."