Mjukuu wa Jumbe Hataki Tena Kuitwa Hivyo

Saa moja asubuhi, dobi anapepea makaa ndani ya pasi yake nzito, anaijaribu kwenye kitambaa chakavu, kisha analaza shati jeupe mezani. Kibanda chake kimeegemea karakana ya seremala, na vumbi la mbao ndilo adui yake wa kwanza.

"Mjukuu wa Jumbe, suruali yangu tayari?" anauliza mteja.

Zamani angejibu kwa kicheko. Leo anainamia kola. "Pitia mchana, kaka. Na uniite dobi tu, inatosha."

Jina hilo alijipachika mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mama huyu wa watoto wanne amewasimulia wateja kwamba yeye si wa kuokotwa: baba wa babu yake alikuwa jumbe enzi za mkoloni, mtu ambaye akikohoa, kijiji kizima kinanyamaza.

Mashati thelathini kwa siku, kiuno kinawaka moto, na mvua ikinyesha nguo hazikauki. Lakini ukoo ulimpa sababu ya kuinua kichwa.

Mwaka jana baba yake mkubwa, ndiye mzee wa ukoo, alitaka wazao wote wa Jumbe wakutane, wajuane. Kazi ya kuwatafuta akapewa dobi, kwa kuwa ana mdomo na hachoki kuuliza. Akawakuta dereva wa lori, muuguzi, na mapacha wafyatua matofali. Kote alipokewa kwa mikono miwili.

Kisha binamu mmoja akamdokeza kuwa wapo wengine, karibu na machimbo ya kokoto, ila hao hawapendi kuulizwa.

Alikwenda hivyo hivyo. Akamkuta mama mtu mzima sana, ameketi mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, mama. Natoka kwa kina Jumbe. Sisi ni ndugu."

"Marahaba," alijibu yule mama, mikono haikusimama. "Undugu huo nani kakwambia?"

Dobi akadhani anataniwa. Ili kuchangamsha mazungumzo, akatoa kichekesho ambacho kwao husimuliwa kila wakikusanyika: eti Jumbe akija kudai kodi, wanaume walikuwa wakitorokea madirishani, wanawaacha wake zao jikoni na vyungu vinaungua.

"Nilicheka peke yangu," anasimulia dobi, sauti imemshuka.

Yule mama aliweka ungo chini. "Mmoja wa hao walioachwa jikoni ni bibi yangu," alisema. "Jumbe alimchukua badala ya kodi. Mumewe alihangaika, akazipata zile fedha, akapeleka. Jumbe alizipokea, mke hakumrudisha. Bwana yule alipolalamika, alichapwa viboko mbele za watu, akapelekwa kuvunja mawe. Hakuonekana tena. Mama yangu alizaliwa humo humo kwa Jumbe. Damu yenu ninayo, mwanangu. Sikuiomba."

Dobi anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. "Si kwa ajili ya Jumbe peke yake. Yeye kafa. Ni kile kicheko. Tumecheka harusini, tumecheka misibani, na watoto wetu tukawafundisha kucheka."

Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikutuma utafute ndugu," alisema. "Sikukutuma utafute aibu."

"Baba, vyote viwili nimevikuta nyumba moja."

Mzee aliinamisha macho sakafuni. "Babu alikuwa akinibeba mabegani," alisema. "Mimi namkumbuka hivyo."

Mkutano ukaahirishwa. Baadhi ya ndugu hawamsalimii dobi. Wanasema amewavua nguo. Yeye hawalaumu. "Hata mimi, ningepewa kuchagua, ningechagua kutojua," anakiri.

Amerudi machimboni mara mbili. Mara ya kwanza aliongea na mlango uliofungwa. Mara ya pili alipewa kigoda. Kwa hesabu ya ukoo, yule mama ni shangazi yake, na siku hiyo alithubutu kumwita hivyo.

"Shangazi, sikuja kuomba tusahau," alimwambia. "Nimekuja kuuliza bibi yako aliitwa nani. Kwetu hakuna anayejua."

"Jina la Jumbe mmelitunza, la huyu mnakuja kuniuliza mimi."

Dobi alitazama miguu yake.

"Jina lake nimempa mjukuu wangu," shangazi alisema baadaye. "Silitoi kwa mgeni. Zoea kwanza kuja."

Basi anazoea. Kila Jumapili anafunga kibanda na kwenda. Mpango wake ni mmoja: siku ukoo ukikutana, asimame alitaje jina hilo kabla la Jumbe halijatajwa.

"Wakinitoa nje, sawa," anasema. "Watakuwa wameshalisikia."