Watu wa Marcella

Kwetu mwanamke hana jina moja. Akiwa mdogo ana lile la nyanya yake. Akiolewa anakuwa binti wa fulani. Akizaa anakuwa mama wa fulani, na lile la kwanza linawekwa darini kama kibuyu cha zamani. Hakuna aliyelitupa. Ila hakuna anayelishusha.

Ciakuthii alizaliwa Kiambere, huko chini Mbeere, kabla ya bwawa. Nchi ya jua, mbuzi na asali. Njoka, kijana wa huku juu kwenye kahawa, alishuka huko kutafuta mbuzi, akarudi na habari za msichana.

Mama yake Njoka, mzee Wambeti, alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Huko kwenye joto wanajua kuchuma kahawa?"

"Atajifunza, mama."

"Na wewe umejifunza nini huko? Kulamba asali?"

Njoka akacheka. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mtu wa maneno machache, na neno lake likishatoka halirudi. Mbuzi zikapelekwa, pombe ya asali ikanywewa, msichana akaletwa.

Baridi ya juu ilimtesa. Alivaa sweta ya Njoka juu ya nguo zake mbili, bado meno yanagongana. Gunia la kahawa lilibebwa mgongoni, mkanda wa ngozi ukapita juu ya paji la uso, na kilima cha kwenda kiwandani hakimhurumii mgeni. Mara ya kwanza alianguka. Wanawake wakamwinua huku wanacheka, naye akacheka pia, akalia baadaye peke yake. Lakini mwili wa kijana ni kama mti wa muguka: unaukata leo, kesho unachipua. Mwaka ulipoisha alikuwa anapanda kile kilima na gunia, anaimba.

Siku moja walikuwa wawili tu kwenye kahawa. Wakati huo hakuwa bado na jina la kumwita mumewe. Alimwita "wewe".

"Wewe, nikuombe kitu."

"Omba."

"Mama ananiita binti Kithaka. Majirani wananiita bibi arusi. Tangu nije hapa, hakuna mtu ameniita Ciakuthii."

"Si ndiyo heshima?"

"Ni heshima. Lakini tukiwa wawili, niite. Mtu asipoitwa anasahau kuitika."

Njoka aliangalia nyuma, asije mama yake akawa karibu. Halafu akasema polepole, "Ciakuthii."

Akaitika kwa sauti ya kwao, ile ya kuvuka korongo. Njoka akamwita tena. Alicheka mpaka kahawa ikamwagika kutoka kikapuni.

Alikuwa na jina lingine pia. Mapadri waliombatiza huko kwao walimpa Marcella, na ndilo lililoingia kwenye kitambulisho. Alimwambia Njoka mara moja. Njoka akalijaribu. Ulimi ukakataa, likatoka "Marathera". Wakacheka, wakaliacha hapo. Kanisa la Njoka lilikuwa lingine, na huko hakuna aliyemjua Marcella. Kitambulisho kilifungwa kwenye pembe ya leso, jina likalala humo.

Kisha akazaa mtoto wa kiume. Akaitwa Mutegi, kwa jina la baba yake Njoka, kama desturi inavyotaka. Siku hiyo hiyo watu wote wakaanza: Mama Mutegi, Mama Mutegi. Njoka alisahau mara moja tu. Alimwita Ciakuthii uani, amletee maji, na mama yake akasikia.

"Mnaitana kama watoto wa kisimani?" mzee Wambeti akasema. "Unataka mjukuu wangu Mutegi akue akidharauliwa?"

Njoka aliona haya. Tangu hapo hakulitamka tena. Naye mke akamwita Baba Mutegi. Baadaye akazaliwa msichana, akapewa jina la nyanya yake, Wambeti.

Miaka ikaenda kama maji ya mfereji. Huoni ikienda, unaona tu shamba limebadilika. Yule aliyeogopa hata kuku za mama mkwe akawa ndiye anayesimama kwenye chama cha akina mama, na akisimama watu wananyamaza. Alimzika mama mkwe, na alimlilia kuliko watoto wake wa kuzaa. Watoto walipodaiwa ada ya shule, ni yeye aliyekaa macho na mahindi mabichi sokoni. Alinenepa, akawa mzito wa hatua, mwepesi wa mzaha. Njoka yeye alikuwa akipunguza maneno kila mwaka. Mke aliyabeba maneno ya wote wawili, pamoja na kuni.

Ule mkanda wa ngozi ulimwachia alama. Katikati ya paji la uso kulikuwa na bonde dogo. Akifungua kitambaa jioni, Njoka aliliona. Aliwahi kutaka kuweka kidole hapo. Hakuweka. Mtu mzima anaanzia wapi?

Mke naye alikuwa na namna yake. Njoka akitoka shambani, akitoka mkutanoni, akitoka msibani, hakusalimiwa kwanza. Aliulizwa, "Baba Mutegi, umekula?" Hata kama amekula alisema bado, ili amwone akigeuka kwenda jikoni.

Bwawa la Kiambere lilipojaa, shamba la baba yake, Kithaka, lilienda na maji. Mama Mutegi alitaka kuona. Wakashuka wote wawili. Alisimama muda mrefu anatazama mahali palipokuwa na nyumba yao. Maji tu, na ndege mmoja mweupe.

Walipokuwa wanarudi barabarani, mwanamke aliyekuwa anauza samaki chini ya mwavuli akainuka.

"Ciakuthii! Ni wewe umenona hivi?"

Mama Mutegi alisimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akaweka kiondo chini. Kisha akaitika. Njoka aliijua ile sauti. Hakuwa ameisikia tangu siku ile ya kahawa.

Wakakumbatiana, wakapigana makofi mgongoni. "Hawa watu wa kahawa wanakulisha nini, siagi?" yule rafiki akauliza. Akamgeukia Njoka. "Na wewe mzee, ulituibia. Huyu ndiye alikuwa anatushinda wote kucheza ngoma. Anakuchezea?"

Njoka akacheka kidogo. Hakujua kwamba mkewe alikuwa mchezaji. Alilala naye miaka yote hiyo, na hakujua.

Wakaendelea na njia. Mke alikuwa anafuta macho kwa kitambaa.

"Umesikia alivyoniita?"

"Nimesikia."

"Wewe ulisahau."

"Sikusahau."

"Basi niite."

Kulikuwa na watu nyuma yao, wanawake na punda. Njoka akakohoa. "Mama Mutegi," akasema, "sisi si watoto."

Mke akafunga kitambaa vizuri. Hakuomba tena.

Baadaye joto lilimwingia. Alitupa blanketi wakati wa baridi ya Julai, akatoka kukaa mlangoni. Njoka alidhani ni homa, akataka kumtafutia dawa.

"Si homa. Ni utu uzima," mke akasema. "Mwili unafunga mlango mmoja. Lala."

Magoti yakaanza kulia kwenye kile kilima. Watoto walikuwa wametoka. Mutegi alipata kazi ya ofisini Embu, akapanga nyumba mtaa wa Dallas, huko huko mjini, akaoa msichana anayeitwa Nelius. Wambeti alifungua kibanda huko Nchiru, karibu na chuo, akawauzia wanafunzi mkate na mayai. Nyumba ikabaki na wawili, kama mwanzo. Ingekuwa rahisi kuitana sasa. Mama mkwe hayupo, watoto hawapo, kahawa ni ile ile. Mara nyingine Njoka alifika mpaka mlangoni mwa jikoni na lile jina mdomoni. Mke akageuka. "Umekula?" Basi jina likarudi chini pamoja na chakula.

Halafu tumbo lake likaanza kuuma, na ule unene ukaondoka kwa haraka kama mtu aliyevua koti. Wambeti alikuja kutoka Nchiru, akampeleka hospitali, akatoa kitambulisho cha mama yake dirishani. Njoka alibaki kukamua ng'ombe. Alifika siku iliyofuata, mchana, amevaa koti lake la kanisani.

Wambeti alikuwa mlangoni mwa wodi. "Baba, anasafishwa kwanza. Kaa kwenye benchi. Mimi nakimbia kumletea uji, wa hapa hawezi. Wakiita, ingia."

"Nitasikia," Njoka akasema.

Akakaa. Karibu yake alikuwa mzee mwingine mwenye fimbo, jina lake Ndambiri, aliyemleta dada yake. Wakaulizana habari za mvua. Njoka alijibu sikio likiwa mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Sista akatoa kichwa. "Watu wa Marcella wako hapa?"

Njoka akatazama kulia, akatazama kushoto, kuona ni nani atainuka. Hakuna aliyeinuka. Mlango ukafungwa.

Kidogo ukafunguliwa tena. "Marcella hana mtu? Anataka mtu wake."

Njoka akatikisa kichwa kwa uchungu. Sista alipoingia ndani akamwambia Ndambiri, "Watu wa siku hizi. Mgonjwa anaachwa namna hii?"

"Labda wametoka mbali."

"Hata kama ni mbali. Mimi wangu singemwacha."

Akaketi wima zaidi, mikono juu ya magoti, ili wakimwita Mama Mutegi asipitwe.

Wambeti akaja na chupa ya uji. Sista alimwona kwenye mlango. "Wewe si ndiye wa Marcella? Tumeita, tumeita."

Njoka akamtazama binti yake. "Marcella ni nani?"

Wambeti alikuwa ameshaweka mkono mdomoni. Na Njoka akahisi ulimi wake mwenyewe ukiligeuza lile neno, Marathera, wakacheka, wakaliacha hapo.

Ndani, mkewe alikuwa amefunikwa mpaka kichwani. Mwanamke wa kitanda cha pili akajiinua kwa kiwiko.

"Wewe ndiye Baba Mutegi?"

"Ndimi."

"Alikuwa anakuulizia. Alisema umetoka mapema, huenda hujala."

Njoka alishusha shuka mpaka mabegani. Hakuwa na kitambaa kichwani. Akaweka kidole kwenye lile bonde la paji. Kidole kikatoshea. Midomo yake ilitafuta jina, ikatafuta, na kilichotoka ni kile cha kila siku. "Mama Mutegi," akasema. "Mama Mutegi." Hata hapo.

Hakuna aliyemlaumu. Wambeti alisema kosa ni lake, angemwambia. Mutegi alisema hakuna kosa. Msalabani waliandika Marcella. Njoka hakusoma, lakini herufi ya kwanza aliijua kwa umbo, kama vilima viwili. Alikuwa anapita pale asubuhi, anatazama vile vilima viwili, anaenda kukamua.

Chakula kilimshinda. Majirani walimletea. Walikuwa watu wazuri, na kila mmoja aliuliza neno lile lile, "Mzee, umekula?" Akisikia hilo aliinuka, akaenda kwenye kahawa. Suruali ikaanza kufungwa kwa kamba.

Mvua za vuli zilipokwisha Nelius akajifungua msichana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kike wa Mutegi, kwa hiyo jina halikujadiliwa. Mutegi alikuja mwenyewe kumchukua baba yake, akampeleka Dallas.

Nelius alikuwa mtu wa maneno mengi, na Njoka alimpenda kwa sababu hiyo. Alimwekea irio mezani. "Baba, mezani kwangu hakuna mtu anayebakiza kwenye sahani. Hata mgeni. Hata mkwe."

Njoka akala. Hakujua ni kwa nini siku hiyo chakula kilipita. Alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole.

Nelius akamletea mtoto, akamwekea mikononi. Kwetu babu hutaniwa hivyo. "Baba, huyu ni mke wako. Amelia tangu asubuhi, anasema umemtupa. Mwite basi akusikie."

Mutegi alimkonyeza mkewe anyamaze. Nelius hakuona.

Mtoto alikuwa amelala, paji la uso laini, halina alama. Njoka alimtazama kwa muda mrefu hata chai ikapoa. Nyumba yote ikangoja bila kujua inangoja nini.

"Ciakuthii," akasema.

Mtoto hakuamka. Hakuna aliyeitika. Njoka akainama mpaka mdomo ukawa karibu na lile sikio dogo, akamwita tena, polepole, kama zamani kwenye kahawa, bila kuangalia nyuma.

"Ciakuthii. Nimekula."