Kerneli na Kompyuta ya Shangazi

"Lakini kwa nini iko uliza kila saa kitu inajua?"

Shangazi aliniuliza hivyo dukani kwake Koboko, nilipomweleza kazi niliyokuwa nikiifanya kwenye laptopu. Huwachapia barua na risiti wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kongo, na ana kompyuta moja tu, kuukuu.

Nilikuwa nimetoka Arua na laptopu yangu, nikichezea kerneli, sehemu ya ndani kabisa inayoendesha kompyuta. Kerneli inapoacha programu moja kwenda nyingine, huhifadhi kwanza hesabu za desimali zilizobaki ndani ya prosesa, chipu inayopiga hesabu zote. Prosesa mpya zina njia mpya ya kuzihifadhi. Za zamani hazina. Msimbo niliokuwa nao, yaani maagizo ya kerneli, ulikuwa ukiuliza kila mara: njia mpya ipo? Wakati prosesa haibadiliki mashine ikiwa inawaka!

Shangazi mwenyewe humuuliza mteja mgeni mara moja: Kikakwa, Lingala au Kiswahili? Akirudi, wanaendelea tu.

Nikalifuta swali, nikaacha njia mpya peke yake. Laptopu yangu ilikwenda vizuri. Nikataka kuijaribu kerneli hiyo kwenye kompyuta ya shangazi.

"Wewe! Ikikataa kuwaka, watu ya soko kesho nitaandikia na mkaa?"

"Naiwasha kwa flashi, shangazi. Vitu vyako havitaguswa."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Ee. Wewe."

Aliniruhusu, lakini akasimama mkono ukiwa kwenye swichi ya ukutani. Skrini ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi. Prosesa yake haikuwa na njia mpya. Nilichomoa flashi, nikawasha tena. Tulisikiliza feni mpaka picha yake ya harusi ikatokea kwenye skrini.

"Ile ingine iliuliza sana," alisema, akiketi kuchapa. "Yako haikuuliza kabisa."

Njiani kurudi Arua bado sikuridhika. Hata kerneli ikiuliza mara moja tu na jibu likawekwa mahali, si lazima iende kulitazama kila mara? Na kutazama si kuuliza tena? Hata shangazi humtazama mteja usoni kabla ya kuchagua lugha.

Baadaye sana, nikisoma msimbo wa watu wengine, ndipo nilipojua: kerneli inaweza kuuliza mara moja inapowaka, kisha ikarudi kwenye maagizo yake yenyewe na kulifuta swali, ikaandika jibu mahali pake. Kwenye mashine ya shangazi ingeandika hapo njia ya zamani, na lisingebaki swali la kuuliza wala jibu la kwenda kutazama.